Jina Likiitwa Mara Tatu

Boitshoko Mogapi alikuwa mpokea simu wa hospitali pale Mahikeng, Afrika Kusini. Sauti za watu wa mji alizijua kuliko sura zao, maana macho yalimzimika angali mtoto. Aliyemtembeza alikuwa Bosko, mbwa mweusi aliyefunzwa kazi hiyo mpaka, usishangae, hata haja haendi bila kuambiwa. Akivishwa mkanda wenye mpini mgongoni, hali, hachezi, habembelezwi. Akivuliwa anakuwa mbwa tu, mwizi wa soksi.

Asubuhi ile walikwenda mahakamani. Boitshoko alikuwa amemshtaki Rra Seabelo (huko bwana ni rra, bibi ni mma), mwenye bucha, aliyemtimua yeye na Bosko dukani kwa ufagio. Seabelo aliapa kwamba hakumfukuza mtu, mama huyo alijiondokea mwenyewe. Na wale wateja wenye macho yao mazima ndio waliosema hawakuona kitu.

Mahakama ile huita jina mlangoni mara tatu. La tatu likipita hujaingia, kesi inafutwa.

"Mbwa abaki nje, mma," mlinzi alisema langoni.

"Sheria inasema anaingia ninapoingia."

"Sheria iko ndani. Hapa langoni niko mimi. Mfunge uzioni, nikushike mkono."

"Na wewe macho yako uyaache uzioni, uyachukue jioni?"

Foleni ikaguna. "Mma, sogea! Wenzako tuna kesi za watu, siyo za mbwa!" Wakacheka. Mwanamke mmoja alikunja sketi yake ya kanisani kana kwamba manyoya yanaruka kama nzige.

Boitshoko akanusa moshi wa nyama: Seabelo amefika.

"Mbwa wa sheria! Karibu kifungua kinywa!" Kipande cha nyama kavu kikadondoka mbele ya Bosko. Mbwa akameza mate, asisogee.

"Hata kula halijui," mtu akasema.

Kutoka mlangoni, ng'ambo ya ua, karani akaita: "Boitshoko Mogapi!"

"Nipo! Nimezuiwa langoni!"

"Kuitikia ni ndani," mlinzi akasema, akaweka rungu mbele ya kifua cha Boitshoko.

"Boitshoko Mogapi!"

Alisukuma rungu, rungu likamsukuma. Hapo Seabelo, kwa raha ya mtu aliyeona ushindi, akapaza sauti mpaka mlangoni:

"Rra, futa tu! Yuko huku na jibwa lake! Wamemzuia kama nilivyomzuia mimi dukani kwangu, na kesho nitamzuia tena!"

Viatu vya karani vikasikika vikivuka ua.

"Rudia, Rra Seabelo."

"Nimesema... mbwa ni mchafu."

"Siyo hilo. Lile la kabla."

Seabelo akakohoa. Safari hii hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

"Fungua lango," karani akamwambia mlinzi. "Wote wawili, yeye na mbwa."

Rungu liliinuka polepole. "Akikojoa humo," mlinzi akanong'ona, "utadeki kwa gauni lako."

"Utaningoja sana. Bosko, mbele."

Nyuma yao mtu akatema mate. Boitshoko akashika mpini, akakanyaga ile nyama, akaenda. Jina lake lilipoitwa mara ya tatu, aliliitikia akiwa ndani.