Msimamizi Aliyeikalia Nyundo

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikisikia nyundo ikigonga mbao, mwanangu. Mvi sina, na wewe bado unatambaa. Lakini nani alisema nasaha lazima zisubiri mvi? Utasoma haya ukikua.

Babu yako, baba yangu mimi, alikuwa msimamizi wa zamu kwenye mgodi mdogo wa dhahabu, mbele kidogo ya Kombewa. Wachimbaji waligoma wakidai nguzo mpya za kuzuia mashimo yasiporomoke, maana za zamani zilikuwa zimeoza. Mwajiri akafunga lango, na wasimamizi nao wakakosa mshahara. Nchi yetu haina posho ya asiye na kazi, kwa hiyo tegemeo lilikuwa mfuko wa chama cha wafanyakazi, uliotoa unga na maharage kwa mwanachama aliyegoma. Babu yako alikuwa mwanachama, ila hakuwahi kutangaza kwamba amegoma. Je, alistahili? Nyumbani tulikuwa tumeanza kukwangua kitako cha debe la unga.

Mkutano wa chama wa kuamua hilo ulifanyika kanisani. Ochieng, mchimbaji mwenye sauti kubwa, akasimama. "Nyapara ni mtu wa ofisi! Si akale huko ofisini!"

Watu wakacheka. Babu yako akatazama kofia yake tu. Mimi, niliyekuwa nimetoka chuo kikuu juzi, nikainuka na kumwaga maswali: mfanyakazi ni nani? Kanuni aliiandika nani? Kwa manufaa ya nani?

"Keti kwanza, nyathina, mtoto wangu," akasema Mama Akoth, mwenyekiti. "Unauliza kama mtu anayerusha mawe ziwani. Chagua swali moja, mtafute mwenye jibu, umtazame machoni."

Nikaketi, nimenuna. Kisha nikakumbuka desturi ya mgodi ule: hata kibarua wa siku moja hashuki kabla msimamizi hajatangulia na nyundo, agonge kila nguzo na kuisikiliza kama bado ni nzima. Asiyeuliza, wahenga walisema, hana ajifunzalo. Nikainuka tena.

"Bwana Ochieng, siku mwajiri alipoleta vibarua kutoka Nyalenda wachimbe badala yenu, mbona hawakushuka?"

"Wangeshukaje? Nani angewagongea nguzo?"

"Na mgongaji alikuwa wapi?"

Ochieng akajikuna kichwa. "Alikuwa pale langoni. Nyundo ameikalia."

Kanisa zima likaangua kicheko, lakini safari hii kilikuwa kicheko kingine.

"Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," akasema Mama Akoth. "Huyu amegoma kuliko sisi wapiga kelele."

Mikono ikainuka, wa Ochieng ukiwa wa kwanza. Jioni yeye mwenyewe alituletea gunia la unga kwa pikipiki.

"Mzee, mbona ulitunyamazia?" Ochieng akamuuliza babu yako.

"Hamkuniuliza," akajibu, akamkaribisha chai.

Basi, mwanangu, hoji kila kitu, hata haya maneno yangu. Lakini swali ni kama ile nyundo: ukigonga ovyo unapata kelele, ukigonga nguzo moja na kutega sikio utajua kama wenzako watashuka salama. Na mtu usimpime kwa cheo chake. Uliza alikaa wapi siku ya jambo lenyewe.

Mungu akupe sikio la babu yako. Na popote utakaposhuka penye giza, awepo aliyetangulia kukugongea nguzo.