Wamae Alivyofuata Bahari

Wamae wa studio ya Giakanja ni mtu mzuri, lakini mimi alinikata kichwa. Harusi ya msichana wangu alinipiga picha ikatoka shingo kwenda chini, na sijasahau. Nasema hiyo kwanza, ndio mtu asidhani namsifu bure.

Studio yake ni chumba moja nyuma ya bucha. Kwa ukuta alikuwa na kitambaa ya bahari, ilichorwa na mtu wa Kenol hajawahi kuona bahari. Mawimbi ilipangwa kama mitaro ya viazi. Miaka mingi tulisimama hapo, sisi na watoto na mabibi arusi. Halafu vijana wakapata simu, wakaanza kumcheka mzee. "Guka, hii ni bahari ama ni shamba?" Wakaacha kuja. Wamae akaona studio inafungwa. Akasema lazima apate picha ya bahari ya ukweli, aichapishe kwa kitambaa mpya.

Sisi akina mama wa kanisa tulikuwa na mkutano Mombasa, siku tatu. Akaomba kiti kwa basi. Mimi ndio mwenyekiti, nikamwambia, "Kuja, lakini ukituchelewesha tunakuacha huko."

Mkutano ulikuwa mbali na maji. Siku ya mwisho ndio tulipelekwa baharini, asubuhi mapema. Maji ilikuwa imejaa mpaka karibu na minazi. Nduta, yule tulikuwa tumekaa kiti moja, akamwambia, "Si upige sasa!"

Wamae akakataa. "Mama, picha haipigwi saa hii. Ngoja ukungu itoke, jua ikae juu."

Hivyo ndio anafanya Giakanja miaka arobaini. Kwetu milimani kabla ya saa tano hakuna mtu anaonekana mbele ya kamera. Lakini huko ukungu haikuwa hata kidogo! Akaenda kunywa chai.

Kurudi saa sita, bahari haiko. Ni matope, ni majani, ni wadudu wanakimbia kando kando. Maji yenyewe iko huko mbali kama uzi.

Wamae akashika kiuno. "Nani amefunga mfereji?"

Kwetu maji ikipotea, ni mtu wa shamba ya juu ameigeuza iingie kwa mboga yake ya sukuma. Kwa hivyo akatafuta wa kulaumu. Akapata mama mmoja anauza viazi karai, jina yake Saumu, akamfokea. "Nyinyi mmepeleka maji wapi? Ni zamu ya nani leo?"

Saumu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Zamu ya Mungu, mzee wangu. Maji yamekupwa. Yatajaa tena magharibi."

"Na basi inatoka saa nane!"

Wamae akanigeukia. "Mama Mwenyekiti, tungoje."

Nikasema hapana. Griffins dereva aliambiwa saa nane. Mtu aliambiwa piga, akaenda chai. Hata leo ningesema hivyo.

Wamae akakunja suruali, akabeba kamera na stendi yake ya miguu tatu, akaifuata hiyo maji. Viatu aliacha huko katikati. Alitembea mpaka akawa mdogo kama kuku kwa shamba ya mtu. Saa nane ikakaribia, akina mama wameingia kwa basi hapo chini ya minazi, Griffins anapiga honi. Saumu akapaaza sauti, "Mzee, geuka! Maji yanarudi!"

Aligeuka. Na kugeuka, ati aliona kitu hakuwa amefikiria: maji ya kijani inatembea mbele yake kuja kwetu, mchanga mweupe, minazi yote imejipanga. Akasimamisha stendi ndani ya maji, akapiga. Alirudi amelowa mpaka kiuno, kamera iko juu ya kichwa.

"Umepata?" Nduta akauliza.

"Nimepata."

"Na viatu?"

"Nimeachia wenye mfereji."

Basi yote ilicheka mpaka Voi. Mimi sikucheka, dakika kumi na mbili zilikuwa zimepotea.

Sasa kitambaa ya hiyo picha imefunika ukuta mzima wa studio. Watu wanatoka Mweiga kuja kusimama hapo, hata wale vijana na simu zao. Jumamosi mabibi arusi wawili walibishana nani ataanza, Wamae anazunguka kati yao anacheka kama mtoto. Na kwa kona, chini ya mnazi wa mwisho, basi yetu inaonekana, na mtu mdogo kwa mlango amenyoosha mkono na saa. Wamae alisema anaweza kunifuta. Nikamwambia ajaribu.