Kanda Isiyo na Radhi

Habari kwamba wale wawili wametoa albamu pamoja ililetwa na kondakta wa basi, na nusura apigwe. Pale njia panda ya Nangurukuru tulikuwa kambi mbili: sisi mashabiki wa msanii wa rap wa Temeke, na wenzetu wa msanii wa Kinondoni. Wasanii hao walikuwa wametukanana kwenye nyimbo zao miaka miwili mizima, na sisi tuliwasaidia kutukanana miaka hiyohiyo, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona kwa macho. Sasa kondakta anatuambia wamerekodi kanda moja, na kwenye jalada wameshikana mabega. Muuza mihogo wa kambi yetu alimshauri apunguze bangi.

Miaka hiyo ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshatufikia hata sisi wa kusini. Mitumba ilikuwa imejaa tele, redio za watu binafsi zilishikika ukipandisha waya juu ya mnazi, na kila aliyeweza kusimamisha miti minne alikuwa na biashara. Mimi nilikuwa na kibanda cha kanda, redio mbili na betri ya gari. Nilinunua kanda moja nikaizalisha hamsini. Tuseme ukweli, ule ulikuwa wizi, ila hakuna aliyeuita hivyo.

Nyuma ya ukuta wangu wa makuti alikaa fundi cherehani, rafiki yangu, chanda na pete. Kwao ni Rondo, kwetu Umatumbini, na watu wa huko na wa huku ni watani tangu mababu. Nikichelewa kufungua, aliwaambia wateja kwamba ameshaanza kunikatia sanda. Yeye alikuwa Kinondoni, mimi Temeke, na hilo lilituongezea tu la kutaniana. Lakini kanda ile ilipofika, alikuwa hajanisemesha miezi saba.

Baba yake alikuwa amefariki. Sisi watani tulikwenda mazikoni kufanya kazi yetu, kama ada: kumwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, kudai kuku, kuzuia jeneza njiani mpaka wafiwa wacheke kidogo. Ilipofika zamu yangu, nikalala chali katikati ya njia. Nikatangaza kwamba mzee hazikwi mpaka mwanawe akiri mbele ya watu kuwa mtu wake wa Kinondoni ni kasuku, hajui kurap. Watu walicheka sana, na mimi nilijiona bingwa. Rafiki yangu akasema kwa sauti ya chini, "Sawa. Nimekiri. Tupishe tumzike baba."

Tangu siku hiyo aliigeuza cherehani yake ikanipa mgongo. Nami nilichanganyikiwa, kwa sababu mtani hana kosa msibani, na mtani akiomba radhi ni kama anasema hakuwa mtani. Yeye aliwaambia watu, "Mtani anatania mambo ya marehemu. Yule alikuwa anashangilia timu." Nilipoletewa maneno hayo nilikasirika siku tatu, siku ya nne nikaona yana ukweli. Lakini kuona ni kitu kimoja, na kwenda kusema ni kingine. Nilimkumbuka rafiki yangu kiasi cha kuona aibu.

Basi kondakta, ili asafishe jina lake, alituletea nakala ya ile kanda. Tuliisikiliza kibandani kwangu, kambi zote mbili, mchana kweupe. Wale mabwana walipokezana mistari kama watu waliokula sahani moja tangu utotoni. Huyu anamsifu yule, yule anamwita huyu kamanda. Kila sifa ilipopita, tuliangaliana. Shabiki mmoja wa Kinondoni alianza kushangilia, akagundua anamshangilia adui, akaufunga mdomo. Kanda ikaisha.

"Nani aliwapatanisha?" aliuliza mama muuza supu, ambaye hata rap yenyewe alikuwa haipendi.

Tulimgeukia kondakta, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Watu hawapatani hivihivi, wanangu. Lazima wamekalishwa chini. Lazima mmoja kasema, nisamehe mwenzangu. Hilo neno mbona halimo?"

Swali lake lilitukaa moyoni. Kwetu hata waliogombana kwa sababu ya mbuzi huitiwa mtu mzima, wakapeana mikono, na yakasemwa. Hapo likanijia wazo la kitaalamu: nakala! Mimi mwenyewe, kanda tupu ikiwa fupi, nilikuwa naukata wimbo wa mwisho bila huruma. Bila shaka aliyenakili hii kaukata wimbo wa radhi. Nilipolisema, wote walishusha pumzi. Tukamwagiza kondakta kanda halisi kutoka Dar.

Mvua ilikuwa imeanza, na mabasi yalikwama Rufiji kungoja kivuko. Wiki mbili zile nilikuwa mtu wa ajabu. Niliwaza kwamba kama wa Temeke ndiye aliyeomba radhi, basi na mimi nitazunguka ukuta nikaombe. Kama ni wa Kinondoni, rafiki yangu atazunguka yeye. Namshukuru Mungu hakuna aliyejua kwamba nilikuwa naomba mtu wangu awe ndiye aliyeshindwa.

Kanda halisi ilipofika, fundi alikuja. Alisimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, hakunisalimia. Nikapiga upande wa kwanza, nikageuza, nikapiga wa pili. Ni magari, wasichana, na ubabe wao wawili. Nyimbo zilezile, kwa mpangilio uleule. Baada ya wimbo wa mwisho utepe uliendelea kuzunguka bila sauti, na hakuna aliyeondoka mpaka kitufe kilipojifyatua chenyewe.

"Walikuwa hawajagombana kabisa," alisema mmoja. "Ilikuwa biashara."

"Waligombana! Mimi nilisikia."

"Sasa sisi tumpinge nani?" aliuliza muuza mihogo, na alikuwa anauliza kweli.

Nikawaacha wakibishana. Fundi alikuwa amesharudi kwake, nami nikazunguka ukuta kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Nikamwambia bila kuzungusha, "Nilikosea siku ya baba. Ule haukuwa utani. Nisamehe."

Aliweka mkasi chini. Nilitarajia anitukane kama mtani, na wallahi ningefurahi. Badala yake akatabasamu.

"Msamaha wa nini tena? Si umesikia kanda? Wenyewe wameyamaliza bila kuulizana. Na sisi yameisha."

"Lakini mimi nakuomba."

"Yameisha, ndugu yangu."

Miaka yote ya utani wetu hakuwahi kuniita ndugu yangu. Aliniletea kigoda, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akanikaribisha kwa mikono miwili. Halafu akaanza kuniuliza, taratibu, kama anavyoulizwa mgeni aliyetoka mbali: mama hajambo? Na wadogo zako? Na shamba, mvua zimefika? Ile sanda yangu hakuitaja.

Nilikaa, nikamjibu yote. Hajambo. Hawajambo. Zimefika.