Kidole cha Mkunga Kwenye Beji

"Kidole hicho ni cha nani?" nikamuuliza mjukuu wangu.

"Cha mkunga, Bibi."

"Mkunga yupi? Wetu ana vinne na nusu. Hiyo nusu nyingine umeiokota wapi?"

Akavuta pumzi kama anayetaka kubeba gunia. Kazi yake ni kubuni beji za chuma na stika, na hii iliagizwa na wauguzi wa zahanati, waivae siku ya kumuaga mkunga wetu anayestaafu. Picha ni mkono wa kulia uliompakata mtoto mchanga, basi. Lakini kidole cha shahada cha mkono ule ni kipande tu. Mimi niliwaambia watu kilikatwa na mamba. Walipomzoea mamba, nikawaletea radi. Ukweli ni mlango wa gari la wagonjwa: alikuwa akimpandisha mama mwenye uchungu, ukambana, na hakupiga kelele asije akamtisha yule mama. Niliuacha ukweli huo kwa kuwa hakuna aliyeuamini.

"Nisikilize, Bibi. Beji yenyewe ni kama kifuniko cha soda. Kidole kikiwa kifupi, watu watasema kiwanda kimekosea. Au mimi nimekosea."

"Na kikiwa kirefu?"

"Hakuna atakayeona kitu."

"Ndiyo maneno yangu hayo. Mkunga mwenyewe hawatamwona."

Akanipa mgongo, akaisogelea kompyuta. Usimwone mpole huyu. Udogoni alichora mtetea ukutani kwangu, jogoo wa jirani akaja kuposa. Mashahidi ninao, ila wawili wameshakufa na wa tatu ndiye huyo jogoo. Siku hizi huanza na penseli, kisha hupitisha mistari upya kwenye kompyuta, maana kila rangi lazima izungushiwe ukuta wake wa chuma. Ukiacha mwanya, nyekundu inahamia kwa nyeupe bila hodi. Na kiwandani wakishachonga kalibu ya kugongea beji, hakuna kufuta. Kosa moja litazaa ndugu zake, wote sura moja. Mchoro ulikuwa unasubiriwa siku hiyohiyo.

Akakifupisha kidole, akachapa karatasi. Tukaitazama. Kweli, kilionekana kama kimeliwa na panya. Nilitaka kusema hivyo, nikameza.

Alikaa akiviangalia vidole vyake mwenyewe, akivikunja na kuvikunjua. Kisha akaunenepesha mstari wa kile kifupi, ncha akaiacha chuma kitupu, bila rangi, iwe kama kofia yake. Akachapa tena, akakata kwa mkasi, akanibandika kifuani kwa gundi ya karatasi, akarudi nyuma hadi mlangoni.

"Simama wima, Bibi."

"Huu ndio wima niliobakiwa nao. Mwingine nenda kautafute kwenye picha zangu za usichana."

Hakucheka. "Sasa kinaonekana kimekusudiwa," akasema. Akatoa simu, akaandika ujumbe kidogo, akairudisha mfukoni. "Na ndiyo maana naogopa."

"Unaogopa nini tena, mke mwenza?"

"Wewe umemzoea na kidole chake. Yeye je? Labda miaka yote hii anatamani siku moja tu watu wamtazame bila macho kwenda hapo. Halafu mimi nikibandike kwenye kila kifua."

Mimi huwa na jibu hata la swali ambalo halijaulizwa. Safari hii nikajikuna shingo.

"Tuma kirefu basi," nikasema. "Yaishe."

"Nikituma kirefu, nimemchora mtu mwingine. Nikituma kifupi bila ruhusa yake, nimemvua nguo hadharani. Lazima nimuulize."

"Wauguzi walisema asijue."

"Wao watanisamehe. Nimeshamwita, hayuko mbali. Nimemwambia unaumwa."

"Naumwa nini?"

"Mgongo."

"Mgongo kila mtu anao. Ungesema moyo, au nyongo, ugonjwa wa mtu mwenye heshima zake. Na akinipima asikute kitu? Mimi sijawahi kumdanganya mtu maish..."

Mlango ukasukumwa. Mkunga aliingia na mkoba wake, akihema, akanijia moja kwa moja, macho yake yakatua kifuani kwangu. Mkunga akauweka mkoba chini, akavaa miwani, akaisogelea ile karatasi, akakilinganisha kidole chake na kile kilichochorwa. "Ni changu hiki," akasema, akitabasamu.