Mume Wangu Aliwaambia Madaktari Nimeghairi Kutibiwa

Admin, naomba jina langu ubaki nalo wewe tu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nimeolewa hapa Tunduma. Nilizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wazazi wangu, wakulima wa kahawa Mbozi, kila mmoja alikuwa na kinasaba cha ugonjwa huu bila kujua, mimi nikarithi vyote viwili. Maumivu yakinishika mifupa yote inawaka moto. Nalazwa, naongezewa damu, narudi nyumbani kusubiri mengine.

Mume wangu ni dereva wa malori ya Zambia. Alinioa akiijua hali yangu, na nilimpenda kwa hilo. Mimba zetu mbili zimetoka. Ya pili nusura niondoke nayo.

Mwaka huu daktari aliniambia nimekubaliwa kwenye utafiti wa matibabu nje ya nchi, bila kulipa. Watatoa seli zinazotengeneza damu mwilini mwangu, warekebishe kinasaba kibovu, kisha wanirudishie. Hakunificha: kwanza nitapewa dawa kali, na zinaweza kuniondolea uzazi. Mayai yangu yanaweza kuhifadhiwa, ila hawaahidi kitu.

Nilimweleza mume wangu akiwa anakula. Akanawa mikono, akasema, "Nilioa mgonjwa. Sikuoa tasa."

Mama mkwe akaja kutoka Vwawa, akanishika mkono kwa upole. "Mwanangu, tuzalie hata mmoja kwanza, ndipo uende ukatibiwe." Nikamuuliza, na nikifa naye tumboni? Akasema Mungu hapangiwi.

Nikasubiri simu ya hospitali ya kunipa tarehe ya safari. Haikuja. Wiki iliyopita nikapiga mwenyewe. Nesi akashangaa: "Dada, si mumeo alitupigia akasema umeghairi?" Namba waliyokuwa nayo ni ya kwake. Niliwapa mimi, maana nilimwamini.

Nilipomuuliza hakukana. Alisema ameiokoa ndoa yetu. Asubuhi akaniagiza nimfulie mashati, akaondoka na lori.

Nesi amenishikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Nikienda, sina ndoa, na huenda nisiitwe mama na yeyote. Nikibaki, nitabeba mimba ya mtu aliye radhi nife ili yeye aitwe baba. Na kinachoniuma kuliko yote, bado nampenda. Ndugu zangu, ingekuwa ni wewe ungefanya nini? Na angekuwa binti yako, ungemwambia afanye nini?