Jicho Moja Linalolia

Fundi wa mapazia hakuwa mtu wa kulia ovyo. Mumewe alipofariki alipokea wageni, akashukuru kila mtu, akarudi kwenye cherehani yake macho makavu. Mama mkwe akamnunia. "Yule ana roho ngumu," aliwaambia wanawe, tena kwa sauti.

Mwezi wa pili baada ya msiba, jicho la kulia la fundi likaanza kutiririka lenyewe. Machozi yakadondokea kitambaa asubuhi, yakadondokea kitambaa mchana. Mama mkwe alipoyaona, akavuta kiti, akaketi. Toka hapo akawa anakuja kila alasiri. Wakanywa chai na kumsema marehemu, alivyokoroma na alivyopenda ubishi, mpaka wakacheka. Fundi hakumwambia ukweli. Alikuwa mpweke kupita kiasi, na mtu ukishapata pa kuegemea huulizi nguzo imetoka wapi.

Kisha kwenye kona ya jicho, karibu na pua, kukaota kijivimbe. Zahanati wakasema njia ya machozi imeziba na kuingia vijidudu. Wakampa dawa ya matone na vidonge. Akakanda kwa maji moto mpaka shavu likababuka. Wapi! Daktari wa macho ndiye aliyekibonyeza kwa kidole: usaha hakuna, maumivu hakuna, kigumu kama harage.

"Mama, hivi si vijidudu. Huu ni uvimbe. Tuutoe, tuupime."

Hofu ya saratani ilimnyima raha. Hofu ya pili aliona haya hata kuitaja: jicho likikauka, mama mkwe atakuja kufuata nini?

Uvimbe ukatolewa, majibu yakaja: si saratani. Jicho likakauka kau. Alasiri moja fundi akasema liwalo na liwe.

"Mama, nisamehe. Mimi nilikuwa silii. Ulikuwa ugonjwa tu."

Mama mkwe akaendelea kukoroga chai. "Kwani wewe umeshaona mtu analia jicho moja?"

Fundi akaacha kushona. "Ulijua? Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

Mama mkwe akaweka kijiko chini.

"Kule nyumbani wamenikataza kumtaja mwanangu, eti presha itapanda. Nikisema jina lake, wanabadilisha mazungumzo. Hapa kwako tu ndipo anapotajwa."