Sikumtafsiria Papa Maneno Yote ya Daktari

Ninyi mnaoshika ukurasa huu wa barua, naomba mfiche jina langu na la mtaa wetu hapa Kisangani. Nina miaka kumi na sita. Ninasoma kwa masista, na katika nyumba yetu ya Waislamu mimi peke yangu ndiye ninayejua Kifaransa.

Papa ni fundi wa kushona. Kwa zaidi ya mwaka amekuwa akikalia upande mmoja wa kiti, na wateja wanamtania, "Fundi, cherehani imekuuma?" Naye hucheka. Ukweli ni kwamba kando ya njia ya haja kubwa ana kitundu kinachotoa usaha. Kinazibika siku chache, kinavimba, anapata homa, kinapasuka tena. Zamani alikuwa akisalisha magharibi katika msikiti wetu. Aliacha bila kumweleza mtu, kwa sababu usaha ulimharibia udhu hata kabla hajafika mlangoni. Watu wanadhani amelegea katika dini, naye anawaacha wadhani hivyo.

Mwezi uliopita alikubali kwenda hospitali, nami nikaenda kumtafsiria. Daktari, mgeni anayesema Kifaransa tu, alimpima nikiwa nje, kisha akaniita. Nilisimama nikitazama dirisha.

Alinieleza taratibu, kama mwalimu. Kitundu kile ni mdomo wa njia iliyochimbika ndani, nayo inapita katikati ya msuli unaofunga choo. Anaweza kuipasua yote kwa kisu siku moja, na kidonda kitapona kwa wiki kadhaa. Lakini msuli mwingi utakatwa, na huenda papa asiweze tena kuzuia choo maisha yake yote. Au anaweza kupitisha uzi ndani ya njia ile, aufunge, na kuukaza kidogo kila papa anaporudi. Uzi hukata polepole huku nyama ikijifunga nyuma yake. Ni miezi mingi, na unauma kila unapokazwa, lakini hatari ile inapungua.

"Mimi ningechagua uzi," alisema, "lakini mke wangu na watoto wameshaondoka kwa ndege, na sijui nitakuwa hapa mpaka lini." Malori ya askari wa kambi ya Kapalata yalikuwa yakipita barabarani. Alingoja yaishe.

"Anasema nini, mama?" papa akaniuliza. Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

"Anasema iko njia mbili, papa. Kisu ni siku moja. Uzi ni miezi."

"Na ubaya wa kisu?"

Sijawahi kutamka neno choo mbele ya papa. "Iko na hatari kidogo," nikasema.

"Hatari? Siku hizi hata kwenda soko iko na hatari. Bon. Mwambie kisu."

Daktari akanitazama. "Umemweleza yote?"

Nikajibu ndiyo.

Tuliporudi papa alitembea kama kijana. "Ramadhani nitasalisha tena," aliniambia.

Nilimweleza mama yangu. Alikuwa anatwanga pondu, majani ya muhogo, na hakuacha kutwanga. "Nyamaza. Waasi wakifika, daktari akikimbia, ule uzi nani atautoa? Heri kisu, mambo yaishe."

"Na kama papa hataweza kujizuia?"

"Nitafua." Akatwanga tena. "Na wewe mtoto mwanamke, utamwambia papa yako maneno ya matako?"

Mama si mkatili. Huenda ana haki. Lakini papa anadhani kisu kitamrudishia swala zake, na hajui kwamba kisu hicho hicho kinaweza kumnyima udhu mpaka kufa. Ningemtuma tonton, mdogo wake, ila papa alinikataza: "Tonton yako akijua asubuhi, mtaa mzima utajua adhuhuri." Nilifikiri kumwandikia. Papa anasoma herufi za Kiarabu tu, nami masista wamenifundisha hizi nyingine. Maandishi yoyote yangu, mimi mwenyewe ndiye nitakayemsomea.

Ndipo nikakumbuka gazeti hili. Kila likifika, papa ananiita kando ya cherehani nimsomee, na ukurasa huu hakubali niuruke. Basi nimeamua. Mkiichapisha barua hii, nitaisoma kwa sauti, neno kwa neno. Hata bila jina, atatujua. Upasuaji ni baada ya wiki tano. Mkikawia, itabidi niyaseme kwa kinywa changu, na nguvu hiyo bado sijaipata.

Namfahamu papa. Akishasikia yote, ataniuliza: "Mama, ingekuwa wewe, ungechagua nini?" Nitamwomba asubiri barua zenu. Nichague kisu cha daktari aliyepo leo, au uzi unaohitaji daktari wa kesho? Wasomaji mliopitia kisu, na ninyi mliowahi kufungwa uzi, niandikieni kupitia gazeti hili mlivyopona au msivyopona. Nishaurini, nimjibu nini?